Nilifuta ile vidio ya pamanganeti, lakini swali la mama wa Keroka bado liko

Wale mlinifuata kitambo mnaikumbuka. Niko jikoni kwa magokoro huko Nyamira, nimeshika chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto. Kando yangu kuna glasi ya maji ya zambarau, pamanganeti ya potasiamu, ile ya fuwele watu hununua kuoshea vidonda. Namimina kidogo kwa ile dawa. Zambarau inapotea, inakuja rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyolala kwa sufuria. Naangalia kamera na macho makubwa: "Mmeona wenyewe. Hii ndiyo mnapea watoto wenu." Muziki wa kutisha. Kwisha.

Watazamaji elfu arobaini kwa siku tatu. Mimi ambaye vidio zangu za kuchekesha kuhusu makanga wa Kisii zilikuwa zinapata mia tano, siku njema mia nane.

Wasee, ile vidio ilikuwa takataka. Wacha niseme hivyo moja kwa moja ndiyo tuendelee. Nimeifuta, lakini najua imeshasambazwa kwa magrupu ya WhatsApp ya chama na ya kanisa, na huko mimi sina kitufe cha kufuta.

Kabla mtu aulize nilitoa wapi hiyo akili: nilisoma kemia chuo kikuu mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde nikarudi nyumbani. Mwaka mmoja na nusu ni kipimo kibaya sana cha elimu. Unajua jina la kila chupa kwa labu lakini bado hujafika mahali mwalimu anakueleza kwa nini usizichanganye.

Ukweli wa pamanganeti ni huu. Ni kemikali yenye njaa. Inanyakua elektroni kwa kitu chochote kinachokubali kuziachilia, na ikishazinyakua rangi yake ya zambarau inakufa, inabaki kahawia. Sukari inaziachilia. Asali pia, gliserini pia, sobitoli pia. Dawa ya maji ya mtoto ni nini? Ni sukari au sobitoli, gliserini, maji, rangi, na dawa yenyewe kidogo tu. Kwa hivyo pamanganeti itageuka kwa dawa nzuri na kwa dawa mbaya sawasawa. Ningemimina kwa uji wa magokoro ungegeuka pia. Sikupima sumu, nilipima utamu.

Hiyo aibu ningeimeza kimya kimya kama si mama mmoja wa Keroka.

Aliniandikia usiku. Alianza na "Kijana wangu, pole kwa kukusumbua," na mtu akianza hivyo saa tano usiku unajua mambo si mazuri. Mtoto wake alikuwa na nimonia. Alipewa antibayotiki ya maji, akaanza vizuri. Halafu jirani akamwonyesha vidio yangu. Akaenda akanunua pamanganeti, akafanya vile nilifanya, rangi ikageuka. Akamwaga dawa yote chooni. Siku mbili baadaye mtoto alikuwa anavuta pumzi mbavu zikionekana, wakamkimbiza hospitali, akawekwa oksijeni.

Mtoto alipona. Nawaambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma meseji yake mara tatu nikitafuta hilo neno.

Na huyu mama hakunitusi. Angenitusi ningelala. Aliniuliza tu: "Sasa, ile dawa ilikuwa mbaya kweli ama ilikuwa nzuri? Nataka tu kujua."

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Dawa iko chooni, na hata ingekuwa kwa chupa, mimi na yeye hatungejua pa kuipeleka. Mimi nilikosa, hiyo tumemaliza. Lakini lile swali lake halikuwa la ujinga, na sitakubali mtu yeyote mwenye koti jeupe alicheke.

Kwa sababu hiki kitu tunachoogopa kipo. Kinaitwa daiethilini glaikoli, wataalamu wanafupisha DEG. Ni kemikali ya viwanda: inatumika kutengeneza resini na vilainishi vya plastiki, inapatikana kwa baadhi ya mafuta ya breki. Ndugu yake ni ethilini glaikoli, EG, ile ya kulanti ya gari. Zote mbili hazina rangi, ni nzito kidogo, na ni tamu. Ziweke kando ya gliserini safi ya dawa na macho yako hayataona tofauti, wala ulimi. Tofauti unaiona kwa figo. Mtoto anatapika, tumbo linauma, halafu anaacha kukojoa. Figo zimezima. Mahali hakuna dayalisisi ya watoto karibu, unajua hadithi inaishia wapi.

Na hii si habari mpya. Mwaka 1937 kule Marekani kampuni ya Massengill ilitaka kuuza dawa ya salfa kwa njia ya maji. Mkemia wao akaona DEG inaiyeyusha vizuri, wakaweka ladha, wakauza. Hakuna aliyepima kama ni sumu, na sheria haikuwalazimisha. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata Marekani ikabadilisha sheria ya dawa. Mngefikiri dunia ilijifunza hapo, lakini Haiti ilizika watoto katikati ya miaka ya tisini. Nigeria ilizika watoto 1990, halafu tena 2008, watoto 84, kwa dawa ya meno ya watoto iliyoitwa My Pikin. Gambia 2022, watoto wasiopungua 66. Indonesia mwaka huo huo, zaidi ya 200. Uzbekistan. Kameruni. Oktoba 2025 India yenyewe, jimbo la Madhya Pradesh, watoto wasiopungua 20, dawa ya kikohozi inaitwa Coldrif. Walipoipima walikuta DEG asilimia 48.6. Kiwango kinachovumiliwa ni asilimia 0.1. Manze, hiyo si dawa iliyochafuka. Karibu nusu ya chupa ni sumu.

Kinachoingiza hii kitu kwa dawa mara nyingi ni pesa tu. Gliserini na propilini glaikoli za kiwango cha dawa ni ghali. Za kiwandani ni rahisi. Pipa linapita kwa wakala huyu na yule, mahali fulani njiani lebo inabadilishwa, na kiwanda cha dawa kinapokea pipa kikiamini karatasi badala ya kupima kilicho ndani. Kila kisa nilichosoma, ukichimba unafika kwa mtu aliyepaswa kupima pipa na hakupima.

Sasa mje Kenya. Aprili 2024, shirika la dawa la Nigeria, NAFDAC, lilitangaza kwamba bechi moja ya Benylin ya watoto, nambari 329304, iliyotengenezwa Afrika Kusini, ina DEG nyingi. Pharmacy and Poisons Board yetu, PPB, ikatoa tahadhari, bechi ikaitwa irudi. Tanzania, Rwanda, Zimbabwe na Afrika Kusini wenyewe pia. Baadaye kampuni yenye hiyo brandi, Kenvue, ikasema imepima bechi hiyo na haikupata DEG wala EG. Mimi siwezi kuwaamulia hao wawili. Lakini kuna kitu kwa tarehe ambacho kilinifanya nikae chini. Bechi ilitengenezwa Mei 2021. Ilikuwa inaisha muda Aprili 2024. Yaani tangazo la kuirudisha lilikuja mwezi ule ule dawa ilikuwa inaexpire. Kama ilikuwa mbaya, ilikuwa imekaa madukani karibu miaka mitatu. Kama ilikuwa nzuri, wazazi wengi walitetemeka bure. Na kwa vyovyote vile, aliyepiga kengele alikuwa Abuja.

Sisi huku tuliambiwa tuangalie nambari ya bechi. Sawa. Dada yangu alikuwa na chupa nyumbani siku hiyo, mtoto wake alikuwa amekunywa wiki nzima. Akaniita niangalie. Haikuwa hata na lebo ya kiwanda. Ilikuwa kachupa kadogo ka plastiki, juu yake mtu ameandika na biro "5ml x 3". Duka lililomuuzia linamimina kutoka kwa jagi kubwa. Bechi gani? Kampuni gani? Inaisha lini? Biro haisemi. Mtoto hakupata shida yoyote, asanteni, lakini kwa siku mbili dada yangu alikuwa anahesabu nepi zilizolowa kama mtu anahesabu pesa za chama. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yetu.

Kwa hivyo nikirudi kwa vidio yangu: mnaona njaa ilitoka wapi. Watu wanataka kitu cha kuonyesha rangi. Na rangi kweli zinaweza kuonyesha, si uchawi, lakini kwa utaratibu ambao mimi niliuruka.

Nilielezwa na fundi wa maabara mmoja mstaafu, mzee wa Nyanchwa, ambaye alinipigia baada ya vidio. Yeye ndiye alinitusi, na kwa haki. Akanikalisha kwake, akanipa chai, akanieleza hivi.

Shida ya dawa ya maji ni kwamba sumu imejificha katikati ya mabinamu zake. DEG, EG, gliserini, propilini glaikoli, sobitoli, zote ni ukoo mmoja wa kikemia. Kemikali ya rangi ukiitupa kwa huo umati itashika wote. Kuna nyingine, periodeti, ambayo inakata EG vizuri, lakini inakata gliserini na sobitoli vilevile, na DEG yenyewe inairuka kabisa kwa sababu ya vile imejengwa. Kwa hivyo lazima kwanza uwatenganishe, halafu ndiyo uweke rangi.

Kutenganisha kunafanywa na kibao kidogo kilichopakwa unga mwembamba wa silika. Unaweka tone la dawa chini karibu na ukingo. Kando yake, na hapa ndipo mimi nilikosa kila kitu, unaweka tone la DEG halisi na la EG halisi ambazo unajua kiwango chake. Unasimamisha kibao kwa kiyeyushi kidogo. Kiyeyushi kinapanda kama maji yanavyopanda kwa tishu, kinabeba kila kitu, lakini kila mmoja kwa mwendo wake. Ni kama matatu imetoka Kisii inaenda Sotik. Wote wamepanda steji moja, lakini huyu anashuka Keumbu, huyu Keroka, mwingine anafika Sotik. Ukikausha kibao halafu ukakipaka pamanganeti, ndiyo ile ile yangu, kinakuwa cha zambarau chote, na mahali kila abiria alishuka panatokea doa la njano au kahawia. Unaangalia: kuna doa la dawa limeshuka steji moja na DEG? Linakaribia ukubwa wa lile la asilimia 0.1 au linalizidi? Basi hiyo chupa haiendi kwa mtoto. Inaenda Nairobi kwa mashine kubwa, kromatografia ya gesi, ithibitishwe.

"Umeona?" mzee akaniambia. "Pamanganeti haikukudanganya. Wewe ndiye uliiuliza swali ambalo haiwezi kujibu."

Hiki kitu si cha jana. Baada ya Haiti, watafiti wa FDA ya Marekani walichapisha njia ya haraka ya namna hii mwaka 1998. WHO nayo, baada ya Gambia, imeweka utaratibu wa hatua mbili kwa dawa za maji: kwanza kibao cha rangi cha kuchuja, halafu mashine kwa zile zinazotiliwa shaka. Wajerumani wana masanduku yanaitwa Minilab, yamejaa vibao na viyeyushi na dawa za kulinganishia, unabeba kama mabegi ya safari. Kenya yenyewe imeshayatumia kuchunguza dawa za malaria. Na Eldoret hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, mkemia Marya Lieberman na wenzake, walifanya kazi na wafamasia wa huko kwa kadi za karatasi zenye mistari kumi na miwili. Unasugua tembe kwa kadi, unasimamisha kwa maji, rangi zinatokea kwa dakika chache, unapiga picha na simu. Zile zilikuwa za kunasa antibayotiki feki, si DEG, na bado walipeleka sampuli kwa maabara kamili kuthibitisha. Lakini angalieni mahali: Eldoret. Masaa machache kwa shatoli.

Sasa ndiyo nafika kwa kelele yangu ya leo.

Nataka Kisii na Nyamira ziweke pesa kwa bajeti ya kituo kimoja cha kuchuja dawa. Kimoja cha pamoja, sisemi kila kaunti chake, hatuhitaji mashindano ya Omogusii na Omogusii kwa jambo hili. Chumba chenye hewa, vibao, viyeyushi, DEG na EG za kulinganishia zilizofungiwa, watu wawili waliofunzwa, na makubaliano rasmi na maabara ya kitaifa ya dawa, NQCL, ya kupokea zile zinazotiliwa shaka. Kila mwezi wachukue sampuli kwa mahoulsela na kwa stoo za hospitali, bechi kwa bechi, dawa za maji za watoto kwanza. Halafu, hii ndiyo muhimu kuliko vyote, wachapishe. Bechi fulani, tarehe fulani, imepita. Bechi fulani imepelekwa Nairobi. Kwa Kiswahili na Ekegusii, kwa redio, kwa WhatsApp, kwa ukuta wa kliniki.

Nimeshaweka hili wazo kwa stori zangu na mmenijibu mengi. Kuna aliyesema hiyo ni kazi ya PPB, kaunti haihusiki. Ndugu, fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kaunti, namba mbili, afya. Kitu cha kwanza kabisa kimeandikwa hapo ni vituo vya afya vya kaunti na famasia. PPB inasajili dawa na kufuatilia ubora nchi nzima, ni kweli, na hakuna mtu anayetaka kumpokonya kazi. Lakini wewe kaunti ndiye unanunua dawa za hospitali zako kwa pesa yetu. Ukinunua mahindi ya shule unauliza kama yana sumukuvu. Dawa unapokea na risiti tu?

Mwingine, nadhani anasomea famasia, aliandika kwa ukali kwamba vibao vya rangi vinakosea, vitaleta taharuki. Huyu namheshimu kwa sababu mimi ni taharuki inayotembea. Na ni kweli, vinaweza kukosea. Ndiyo maana ni hatua ya kwanza na si hukumu. Kibao kikisema "shaka" kwa makosa, umepoteza nauli ya sampuli kwenda Nairobi na wiki kadhaa za bechi kukaa stoo. Kukosa kibao kabisa kunakugharimu nini? Taharuki tayari tunayo. Tunaitengeneza sisi wenyewe jikoni na pamanganeti ya shilingi chache kwa sababu hakuna mtu anayetupa jibu la kweli. Tangazo la "bechi hii imepita" lingeua vidio yangu kwa nusu saa.

Pesa? Hapo sitaki hata tuongee sana. Weka vibao, masanduku, mafunzo na mishahara ya watu wawili upande mmoja. Upande wa pili weka Prado moja nyeusi yenye namba ya kaunti. Nimemaliza.

Swali gumu zaidi aliniuliza yule mzee mwenyewe, na sitalificha kwa sababu linanipunguza. Alisema dawa ikishafika Kisii tumeshachelewa. Mahali pa kunasa DEG ni kiwandani, pipa kwa pipa, kabla gliserini haijachanganywa na chochote. Pipa moja likipita linakuwa chupa maelfu. Ni kweli kabisa, na serikali kuu ilazimishe kila kiwanda kinachouza hapa, cha ndani na cha nje, kionyeshe matokeo ya kila pipa, si ya pipa moja kwa kumi. Lakini Gambia haikuwa na mkono kwa kiwanda cha India. Sisi pia hatuna mkono kwa kila kiwanda. Tuna mkono kwa mlango wetu. Mlinzi wa geti hasemi "wezi wangekamatwa kwao" halafu akalala.

Na kuna jambo halihitaji bajeti hata shilingi. Ile tabia ya kumimina dawa kutoka kwa jagi hadi kachupa bila kuandika bechi, ikomeshwe kesho asubuhi. Mkaguzi wa kaunti anaweza. Andika jina la dawa, kampuni, bechi, tarehe ya kuisha. Maneno manne na biro ile ile. Bila hayo, siku tangazo likija, tutakuwa tena kama dada yangu, tunahesabu nepi.

Wenye makemisti msinikasirikie bure. Wengi wenu mnafanya kazi safi, mko na leseni ukutani, mnakataa kuuza antibayotiki bila karatasi ya daktari na watu wanawatukana kwa hilo. Nyinyi ndio mngefaidika kwanza. Mtu anayenunua dawa za pipa la kichochoro hawezi kushindana nanyi siku bechi zinaanza kuitwa kwa majina.

Wenzangu wa kamera, sasa. Kuna vidio tatu nimeona mwezi huu pekee. Mmoja anawasha moto dawa ya maji kwa kijiko, eti ikiwaka ni sumu. Mwingine anaweka kwa friza, eti isipoganda ni kulanti. Sukari nyingi peke yake inazuia kuganda, bana, uliza muuza aisi. Wa tatu ananakili mimi, hata muziki ni ule ule. Nimewaandikia wote watatu. Mmoja amefuta. Wengine wawili, najua mnasoma hapa: mama wa Keroka mwingine yuko mahali anashika chupa ya antibayotiki juu ya choo. Mkimwona kama mtazamaji mmoja zaidi, tutajuana kwa komenti.

Na nyinyi wenye watoto, wadogo zenu, wapwa. Msimwage dawa ya daktari kwa sababu ya rangi, tafadhali. Una shaka, rudi na chupa kwa mfamasia au hospitali, uliza, omba wakubadilishie. Nunua iliyofungwa kiwandani, angalia kifuniko hakijaguswa, piga picha ya lebo na bechi kabla ya kufungua, usitupe chupa mpaka mtoto apone kabisa. Mtoto akianza kutapika na kuacha kukojoa baada ya dawa ya maji, usingoje asubuhi, kimbia hospitali na hiyo chupa mkononi. Ripoti kwa PPB, wana mfumo wa kuripoti mtandaoni na mtu wa kawaida anaruhusiwa kuutumia, si daktari peke yake.

Halafu tujiulize kwa nini kila kikohozi lazima kiwe na chupa. Yule mzee alinishangaza hapo. Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto kinapita chenyewe, na sirapu nyingi za kikohozi hazina ushahidi wa maana kwamba zinasaidia watoto wadogo. Aliyezidi mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali kinatuliza koo. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku kabisa. Anayepumua haraka, mbavu zinaingia, anakataa kunyonya, huyo si wa sirapu wala wa asali, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Ile dawa mama wa Keroka alimwaga ilikuwa ya aina hiyo ya mwisho, ya kuokoa maisha, na mimi niliiweka kapu moja na sirapu ya strobe—samahani, stroberi, naandika haraka.

Nilimpigia juzi. Mtoto ameanza kukimbia, ameangusha thamosi, anakula matoke kama mtu mzima. Nikamwambia nimeandika barua mbili, moja ya bunge la kaunti ya Kisii na moja ya Nyamira, ombi la kituo cha kuchuja dawa, na nimeambatanisha yale mzee alinieleza, pamoja na mchoro wa kibao. Nikamuuliza kama naweza kuweka kisa chake bila jina lake.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Weka. Lakini na wewe weka jina lako."

Liko pale chini ya barua zote mbili, na nambari ya kitambulisho. Jumatatu nashuka Kisii asubuhi, mchana Nyamira. Anayetaka kutia sahihi anikute steji ya Keroka saa tatu, nitakuwa na faili ya kijani.